Sète, Bandari Iliyozaliwa na Kodi ya Chumvi

Ukitoka Montpellier kwa treni, Sète iko mwendo wa dakika ishirini hivi. Reli hupita baina ya mashamba ya mizabibu na maziwa ya maji chumvi, kisha kilima kimoja hujitokeza peke yake katika nchi tambarare: Mlima Saint-Clair, ambao haufiki hata mita 200. Chini yake ndipo mji ulipo, umebanwa kati ya Bahari ya Mediterania na ziwa la Thau, na mifereji imeukata vipande vipande. Kutoka stesheni huwezi kufika katikati ya mji bila kuvuka daraja. Ukifika kwenye Canal Royal, yaani Mfereji wa Kifalme, unakuta picha ileile ya kadi za posta: nyumba ndefu za rangi ya manjano, waridi na udongo mwekundu zimejipanga kando ya maji, mashua zimefungwa ukingoni, meza za mikahawa zimesogezwa mpaka karibu na ukingo, na mbele kabisa, penye bahari, mnara wa taa.

Watalii huuita Venezia ya Languedoc. Jina hilo linauza vyumba vya hoteli, lakini linapotosha. Venezia ilikua yenyewe, karne baada ya karne, kisiwa kwa kisiwa. Sète iliagizwa. Ilichorwa kwenye karatasi na watu wa serikali, ikajengwa mahali ambapo karibu hapakuwa na mtu, na ilijengwa kwa ajili ya mizigo. Watu walikuja baadaye, kufuata kazi. Karibu kila kitu kinachopigwa picha leo kando ya mfereji ule, siku zake kilikuwa chombo cha kazi.

Habari yake inaanzia mbali na bahari. Novemba 1662, Pierre-Paul Riquet, mwenyeji wa Béziers, alimwandikia barua Jean-Baptiste Colbert, aliyekuwa akisimamia fedha za mfalme Louis XIV. Riquet hakuwa mhandisi. Alikuwa mkusanya kodi ya chumvi katika Languedoc, kazi iliyomtajirisha sana na ambayo haikumpatia marafiki. Kodi hiyo, gabelle, ilikuwa miongoni mwa zilizochukiwa zaidi Ufaransa, maana chumvi si anasa; kila mwenye nyama ya kuhifadhi na chungu cha kupikia aliihitaji, awe tajiri au fukara. Katika jimbo la Roussillon, mpakani na Hispania, kodi hiyo ilipoletwa mwaka 1661 wanavijiji wa milimani walishika silaha, na miongoni mwa watu waliokusudiwa na hasira hiyo alikuwa Riquet mwenyewe.

Alichomwandikia Colbert ni kwamba anaweza kuunganisha bahari mbili. Meli iliyotoka Bordeaux kwenda Marseille ililazimika kuizunguka Hispania yote na kupenya Gibraltar, safari ya wiki nyingi penye dhoruba, maharamia na mfalme wa Hispania aliyekuwa na kila sababu ya kuwasumbua Wafaransa. Mto Garonne ulishatoa njia kutoka Bahari ya Atlantiki mpaka Toulouse. Kilichobaki ni kuchimba mfereji kutoka Toulouse hadi Mediterania, kilomita 240.

Wazo lenyewe lilikuwa la kale; wafalme waliotangulia waliliota na kuliacha. Lililowashinda wote ni maji. Kati ya Toulouse na bahari ardhi hupanda mpaka Naurouze, mahali penye mwinuko wa mita 189, kisha hushuka. Matishari yanaweza kupandishwa na kushushwa kwa vyumba vya maji vyenye milango miwili: chombo kinaingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanaongezwa au kupunguzwa, mlango wa mbele unafunguliwa. Lakini kila chombo kinapopita, kiasi kikubwa cha maji hutoka juu na kwenda chini, na maji yaliyoshuka hayarudi. Kwa hiyo asiye na maji ya kutosha kileleni hana mfereji, ana handaki refu.

Jibu la Riquet ndilo lililomfanya akumbukwe. Kaskazini ya Naurouze kuna Montagne Noire, Mlima Mweusi, wenye mvua nyingi na vijito vinavyokimbilia pande zote. Riquet aliijua milima ile kwa sababu ya kazi yake ya kodi, na fundi wa maji wa mji wa Revel, Pierre Campmas, aliijua zaidi. Walikusudia kuviteka vijito hivyo, kuviongoza kwa mitaro inayofuata mteremko wa mlima, na kuvileta mpaka kileleni pa mfereji, ambako maji yangegawanyika: nusu kuelekea Atlantiki, nusu kuelekea Mediterania. Mwaka 1665 Riquet alichimba mtaro mdogo wa majaribio, maji yakafika. Ili kuwa na akiba ya kiangazi, likajengwa bwawa la Saint-Ferréol, lenye uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 6, ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa miongoni mwa mabwawa makubwa kabisa ya Ulaya. Liko pale hadi leo na bado linafanya kazi ileile.

Mfereji ulihitaji pia mlango wa kutokea baharini, na hapo ndipo kilima cha Saint-Clair kinapoingia. Pwani ya Languedoc ni mchanga mtupu. Bandari za zamani kama Aigues-Mortes na Narbonne zilikuwa zimezikwa na matope ya mito. Chevalier de Clerville, msimamizi wa ngome za mfalme, alichagua rasi iliyokuwa chini ya kilima hicho kwa sababu palikuwa na mwamba wa kushikilia jengo na kina cha maji cha kutosha. Mahali hapo paliwahi kujaribiwa mwishoni mwa karne ya 16, kazi ikaachwa njiani. Safari hii amri ilitoka kwa mfalme asiyependa kuambiwa haiwezekani.

Jiwe la kwanza la ukuta wa kuvunja mawimbi, unaoitwa mpaka leo Môle Saint-Louis, liliwekwa tarehe 29 Julai 1666. Amri ya mfalme ya kuchimba mfereji wenyewe ilitoka Oktoba mwaka huohuo. Yaani mdomo ulianza kujengwa kabla mwili haujapata kibali. Siku ile ya jiwe la kwanza waheshimiwa walihutubia, kasisi akabariki, na baada ya hapo mabaharia wakafanya mchezo wa kusukumana majini kwa mikuki wakiwa juu ya mashua. Waheshimiwa walirudi kwao na hotuba zao zimesahauliwa. Mchezo ule ulibaki.

Kwa miaka kumi na minne iliyofuata nchi kati ya Toulouse na Thau iligeuka machimbo. Idadi ya wafanyakazi ilipofikia kilele walikuwa kama 12,000, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwao, wakibeba udongo vichwani na vifua vikipambana na baridi sawa na wanaume. Mwanasosholojia Chandra Mukerji ameandika kwamba wanawake wa milima ya Pirenei hawakuletwa kwa ajili ya nguvu tu. Vijijini kwao walizoea kuyaongoza maji kutoka vijitoni hadi mashambani na majumbani, na ujuzi huo, ambao hakuna mhandisi wa mfalme aliyeuandika kitabuni, uliingia katika mitaro ya mfereji. Nauamini ufafanuzi huo kuliko masanamu ya Riquet. Hata hivyo mkusanya kodi huyo anastahili haki yake: aliwalipa watu wake vizuri kuliko desturi ya wakati ule, na aliwalipa pia siku za mvua, Jumapili, sikukuu na walipougua. Huenda ilikuwa huruma. Huenda ni hesabu ya mtu aliyejua kwamba wakati wa mavuno vibarua wangemkimbia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujifunza kwa kuvunjika. Chumba kimojawapo cha mwanzo, kilichojengwa kwa kuta zilizonyooka, kiliporomoka kwa msukumo wa udongo. Tangu hapo kuta zikajengwa kwa umbo la yai, upinde ukiuzuia udongo. Karibu na Béziers, penye kilima cha Malpas, udongo ulikuwa laini na unabomoka, Colbert akaanza kusita. Riquet hakungoja jibu. Aliwaamuru watu wake watoboe kilima. Ikatokea njia ya chini ya ardhi ya mita 165 hivi, inayotajwa kuwa ya kwanza duniani kuchimbwa kwa ajili ya mfereji wa vyombo. Palipohitajika kushusha vyombo ghafla, huko Fonserannes, vyumba vya maji vilijengwa kimoja chini ya kingine, ngazi nzima ya maji.

Fedha zilikuwa zikimkauka. Sehemu kama moja kwa tano ya gharama zote ilitoka mfukoni mwake, na alikopa mpaka mahari ya binti zake ikawa mashakani. Alifariki Toulouse tarehe 1 Oktoba 1680, mfereji ukiwa umebakiza kipande kifupi tu kulifikia ziwa la Thau. Mei 1681 msafara wa kwanza rasmi uliteremka kutoka Toulouse mpaka Sète. Warithi wake walipata haki ya kutoza ushuru kwa vyombo vyote vilivyopita, lakini madeni ya baba yao waliyamaliza mwaka 1724 tu.

Bandari ilikuwa imesimama; wakazi ndio waliokosekana. Mwaka 1673 ilitoka amri ya kifalme iliyomruhusu mtu yeyote kujenga nyumba Sète na kuuza na kununua bila kutozwa kodi. Wakaja waashi waliokwisha jenga ukuta wa bandari, wavuvi wa vijiji vya jirani, wafanyabiashara wa mvinyo, wachuuzi na watoro wa madeni. Mji usio na mababu. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenziwe kwamba babu yake alikuwapo kabla.

Julai 1710, Ufaransa ikiwa vitani na nusu ya Ulaya, meli za Waingereza zilitokea mbele ya kilima, askari wakashuka na kuuteka mji. Walikusudia kuwafikia Waprotestanti wa milima ya Cévennes waliokuwa wamemwasi mfalme. Mpango haukuendelea mbali: jemadari de Noailles alileta jeshi mbio kutoka Roussillon, na baada ya siku chache Waingereza walikuwa wamerudi melini. Baada ya hofu hiyo ulinzi wa ufuo uliimarishwa. Ngome ya Saint-Pierre, inayoning'inia juu ya mawimbi, leo ni ukumbi wa wazi uitwao Théâtre de la Mer. Wasikilizaji huketi wakitazama jukwaa, na nyuma ya jukwaa ni bahari tupu.

Adui wa kudumu hakuwa Mwingereza, alikuwa mchanga. Mkondo wa pwani uliuleta usiku na mchana, na kila kizazi cha wahandisi kiliongeza ukuta hapa, kikarefusha pale, kikachimbua kina tena. Lakini biashara ilikua. Mvinyo na pombe kali za Languedoc zilitoka kwa mapipa kwenda Uholanzi, Ujerumani na kwingineko. Nafaka, mbao na samaki wa chumvi wakaingia. Mei 1787 alipita hapa Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani mjini Paris, akiyapeleleza mambo ya bandari, mvinyo na mifereji kwa manufaa ya nchi yake changa. Kisha akasafiri kwa mfereji mpaka Toulouse kwa namna yake mwenyewe: alilitoa magurudumu gari lake la farasi, akaliweka juu ya chombo, akaketi ndani yake akiwa na madirisha pande zote, na alipochoka kukaa alishuka akatembea ukingoni. Aliwaandikia jamaa na rafiki zake kwamba ilikuwa safari ya raha kuliko zote alizowahi kufanya. Raha hiyo ndiyo wanayoinunua leo wanaokodi mashua za mapumziko. Wenyeji wa enzi ya Jefferson wangeshangaa kusikia kwamba kuna mtu anayelipa kupanda tishari bila mzigo.

Karne ya 19 ndiyo iliyoufanya mji uwe kama tunavyouona. Reli ya Montpellier na Sète, mojawapo ya za mwanzo kabisa nchini Ufaransa, ilifunguliwa mwaka 1839. Mwaka 1857 ikaja reli nyingine kutoka Bordeaux na Toulouse, ikienda sambamba na mfereji. Yaliyofuata yangefaa kuwa kichekesho kama yasingewaumiza watu: mwaka 1858 serikali iliukodisha mfereji kwa kampuni ileile ya reli, kwa miaka 40. Aliyepewa ng'ombe wa jirani kumtunza ndiye aliyekuwa akiuza maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Kampuni ilipandisha ushuru wa majini na kuacha matengenezo yazorote, mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Serikali ilipourudisha mfereji mikononi mwake mwaka 1898, ulikuwa umeshapitwa na wakati: vyumba vyake ni vifupi mno kwa matishari ya kisasa. Mizigo ilizidi kupungua, na miaka ya 1980 ilipokwisha haikuwapo tena.

Mji wenyewe ulinenepa, kwa sababu ya mvinyo. Magati yalijaa mapipa, na mtaa baada ya mtaa ulisikika nyundo za mafundi wa mapipa. Nyumba zile ndefu za rangi za waridi zilijengwa na matajiri wa biashara hiyo. Ghorofa ya chini ilikuwa ghala, ya kwanza ofisi, na mwenye mali aliishi juu. Si mvinyo wote uliokuwa na asili njema. Sète ilijulikana katika soko la Ulaya kwa kutengeneza mvinyo wa kuigiza: wenye kutaka sherry ya Hispania au madeira ya Ureno kwa bei nafuu waliupata hapa, umechanganywa kwa ustadi kutoka mizabibu ya Hérault. Wataalamu wa Kiingereza wa enzi ya Victoria waliandika juu ya mji huu kwa dharau, huku wenzao wa London wakiendelea kuagiza. Baadaye mdudu mdogo aitwaye filoksera aliiteketeza mizabibu ya kusini, na magati yaliyozoea kutoa mvinyo yakaanza kuupokea, kutoka Hispania, Italia, na zaidi kutoka Algeria, ambayo Ufaransa ilikuwa imeitawala na kuigeuza shamba la mizabibu.

Meli za mvinyo si pekee zilizokuja. Katika karne hiyohiyo wavuvi wa Italia, hasa kutoka Gaeta na Cetara, pwani za kaskazini na kusini ya Napoli, walianza kufika na mashua zao. Walipanga vyumba katika Quartier Haut, mtaa wa juu uliopanda ubavuni mwa kilima, mahali ambapo wenye mali hawakutaka kuishi. Wenyeji waliwaona kuwa wachafu, wenye kelele na wanaoshusha bei ya samaki; maneno ambayo kila mji wa bandari umewahi kuyasema juu ya mtu fulani. Leo mtaa huo ndio unaoitwa roho ya Sète, na chakula chao ndicho chakula cha mji. Tielle ni mkate mdogo wa mviringo, mwekundu kwa mafuta ya pilipili tamu, ndani umejaa pweza aliyekatwakatwa akapikwa na nyanya na viungo. Ulikuwa chakula cha mvuvi cha kwenda nacho baharini, kwani unga ulioshindiliwa pembeni huhifadhi kilichomo siku nzima. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa pweza ni nini; nitasema tu kwamba anayekula tielle ya moto hutakiwa kuinamia mbele, ama shati lake litakuwa shahidi.

Mchezo wa mikuki uliendelea mikononi mwa watu hawa. Sikukuu kubwa ni ya Mtakatifu Louis, karibu na tarehe 25 Agosti, na mashindano yake juu ya Canal Royal yanahesabiwa tangu 1743. Mashua mbili nzito, moja nyekundu na moja ya buluu, hupigwa makasia zikielekeana. Nyuma ya kila moja kuna ngazi ndefu iliyolala kwa kuinuka, na mwishoni mwake, kama mita tatu juu ya maji, ulingo mdogo ambapo husimama mshindani aliyevaa nguo nyeupe, ngao kifuani, mkuki wa mti wa karibu mita tatu kwapani. Ndani ya mashua kuna wapiga zumari na ngoma; wimbo ni uleule, na watoto wa mji huujua kabla ya kujua kusoma. Mashua zinapopishana, mikuki hugonga ngao, na uzito wote wa vyombo viwili na wapiga makasia wake hukutana vifuani mwa watu wawili. Mmoja huanguka majini. Pengine wote.

Jumatatu ya sikukuu ni zamu ya wanaume wazito, na uzito hapa ni sifa. Niliowaona walikuwa wapakuzi wa meli, wavuvi, mafundi wa magari. Matumbo makubwa, miguu kama nguzo za gati, na adabu ya ajabu kwa aliyeshindwa. Majukwaa pande zote mbili za mfereji hujaa tangu asubuhi. Majina ya washindi huandikwa kwenye ngao na kutunzwa mwaka hadi mwaka, na kuna familia ambazo jina la baba, mwana na mjukuu limo. Katika mji usio na mababu, huo ndio ukoo.

Mshairi Paul Valéry alizaliwa katika mji huu Oktoba 1871, baba Mkorsika mtumishi wa forodha, mama Mwitalia. Shairi lake kubwa la mwaka 1920, Le Cimetière marin, limejengwa juu ya makaburi yaliyo mteremkoni mwa Saint-Clair, yanayotazama bahari. Alipozikwa humo mwaka 1945, makaburi hayo yalibadilishwa jina yakaitwa kwa jina la shairi. Wageni hupanda kwenda kulitazama kaburi lake, huketi kwenye ukuta, huvuta pumzi. Lakini ninachopenda zaidi kwa Valéry ni kumbukumbu aliyoisimulia katika mhadhara miaka ya 1930. Utotoni, alipokaribia kujitupa majini kuoga, aliona chini ya maji maangavu lundo la matumbo na vichwa vya jodari vilivyotupwa na wavuvi, rangi zake za damu na waridi zikitikisika polepole. Alichukizwa, na hakuweza kuacha kutazama. Sidhani mtu mwingine ameieleza Sète kwa usahihi zaidi.

Mwenziwe wa upande wa pili ni Georges Brassens, mwimbaji, mtoto wa mwashi na wa mama mwenye asili ya kusini mwa Italia, aliyezaliwa 1921. Alipokuwa kijana aliingizwa katika kesi ya wizi mdogo wa vito pamoja na rafiki zake, akahukumiwa kifungo cha nje, na uvumi wa mji ukamsukuma kwenda Paris. Huko akawa mtu ambaye Ufaransa nzima inajua nyimbo zake kwa moyo. Mwaka 1966 alitoa wimbo mrefu wa kuomba azikwe ufuoni Sète, na ndani yake akamwomba radhi Valéry kwa kuthubutu kutaka kaburi lililo karibu zaidi na bahari kuliko lake. Alifariki 1981. Hakuzikwa ufuoni, yuko katika makaburi ya Le Py, upande wa ziwa, ambayo wenyeji waliyaita ya maskini.

Kuna jambo la mwaka 1947 ambalo limeandikwa kwenye bamba la ukumbusho bandarini. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Julai, meli ya zamani ya abiria ya Marekani, President Warfield, iliondoka Sète ikiwa na Wayahudi zaidi ya 4,500, wengi wao walionusurika katika kambi za Wanazi. Hati zao zilidai wanakwenda Colombia. Safari ilikuwa ya Palestina, iliyokuwa chini ya Waingereza, ambao walikuwa wamewawekea wahamiaji kikomo na kuishinikiza Ufaransa iizuie meli. Rubani wa bandari hakuja. Nahodha akaamua kuitoa mwenyewe gizani. Kamba ikanasa rafadha, meli ikapanda fungu la mchanga, mchanga uleule, kabla ya kujinasua na kwenda zake. Baharini ikapewa jina Exodus 1947. Manowari za Uingereza ziliikamata karibu na Palestina baada ya mapambano yaliyoua watu watatu, abiria wakarudishwa Ufaransa kwa meli nyingine, wakakataa kushuka, na mwisho wakapelekwa Hamburg, katika nchi ileile waliyoikimbia.

Agnès Varda alikuwa msichana mdogo familia yake ilipokimbia vita kutoka Ubelgiji mwaka 1940 na kuishi Sète ndani ya mashua. Mwaka 1954 alirudi na kamera katika Pointe Courte, kitongoji cha wavuvi kilichochomoza ndani ya ziwa la Thau upande wa nyuma wa mji, akatengeneza filamu yake ya kwanza kwa jina la kitongoji hicho. Hadithi moja ya filamu ni ya mume na mke wanaojadili ndoa yao. Nyingine, ambayo kwangu ndiyo filamu yenyewe, ni ya wavuvi wanaovizia wakaguzi wa afya waliowapiga marufuku kuokota kome katika sehemu ya ziwa. Wavuvi wanaigiza nafsi zao. Nyavu zimeanikwa, paka wamejaa, nguo zinapepea. Ukienda leo utaona vibanda, nyavu na paka, na kibao chenye jina la Varda kwenye kichochoro kimoja.

Bandari haijafa. Mchana, meli za kukokota nyavu huingia zikifuatwa na shakwe, na samaki hupita kwenye mnada wa kielektroniki ambapo wanunuzi hubonyeza badala ya kupiga kelele. Meli kubwa za jodari, rangi nyeupe na buluu, hufungwa katikati ya mji sehemu kubwa ya mwaka kwa sababu mgao wao wa samaki humalizika katika wiki chache. Ng'ombe hai hupakiwa kwenda Afrika Kaskazini. Kiangazi, feri za Tangier na Nador hujaza foleni za magari yenye mizigo juu ya paa, familia za Wamoroko wanaofanya kazi Ufaransa wakienda nyumbani. Mfereji wenyewe umeingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu 1996, na unaugua: miti ya plateni iliyopandwa kandokando yake katika karne ya 19 inaangushwa kwa maelfu, kwa sababu ya ukungu unaoziba mishipa yake, uliogunduliwa kwenye mfereji huo mwaka 2006.

Mwaka 2007 Abdellatif Kechiche, Mfaransa mzaliwa wa Tunisia, alitoa filamu La Graine et le Mulet iliyopigwa hapa, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya César ya filamu bora. Mhusika wake mkuu, Slimane, ni mhamiaji wa miaka sitini na kitu ambaye ameunguza maisha yake katika karakana ya meli bandarini na sasa anapunguzwa kazi. Kwa malipo ya kuachishwa anapata meli kuukuu, anataka kuifunga kwenye gati na kuifanya mkahawa wa kuskusi na samaki aina ya mkizi. Sehemu kubwa ya filamu ni yeye na binti wa mwanamke anayeishi naye, wakienda ofisi hadi ofisi: benki, watu wa afya, watu wa bandari, kila mmoja mpole, kila mmoja akitaka karatasi ya mwenziwe kwanza. Amri ya mwaka 1673, iliyomruhusu yeyote yule kujenga Sète na kuuza bila kodi, haitajwi popote katika filamu hiyo. Slimane anaalika wakubwa wote wa mji melini usiku mmoja, waonje kwanza, kisha waseme.